Maji ya Kisima cha Nyamahanga

Jovitha alipomwona Priscila akijaza beseni kwenye pampu ya kisima, alijua kitakachotokea, akanyamaza.

Chembe za wanga wa muhogo, za kufukiwa shambani zihifadhi maji, walizitengeneza pamoja kwa miezi saba, lakini kila mgeni wa mradi alimsifu Priscila, kwa kuwa Priscila alijua kucheka na watu. Kupima alipima Jovitha. Gramu moja ya chembe ilifyonza gramu 180 za maji ya mvua. Katika maji ya kisima, yenye chumvichumvi, ilifyonza 45 tu. Kipimo hicho cha mwisho alikiandika Ijumaa, asimwonyeshe mwenzake. Na leo msimamizi wao, Danstan, angechagua mmoja wa kuongoza mashamba ya majaribio ya Ngara.

Priscila alimwaga chembe mbele ya wakulima, akakoroga. Baada ya nusu saa zilikuwa kama ulezi uliolowekwa.

"Binti, ndizo hizo za kushinda kiangazi?" aliuliza Mama Frida, mwenye kitalu cha kahawa. "Mbona maharage yangu yanazishinda kwa kuvimba!"

Watu wakaangua kicheko. Jovitha aliinama kuificha raha yake.

"Mama, umeniwahi," Priscila alisema, akicheka pia. Akavuta beseni la pili kutoka chini ya meza. Lilijaa rojo zito hadi ukingoni. "Hizi nimeziloweka muda uleule, kwa maji ya mvua. Chembe ni zilezile. Chumvi ya kisima huzizuia kuvimba. Basi zifukieni kabla ya mvua, na msizichanganye na majivu, nayo yana chumvi."

Wakulima wakasogea kushika rojo. Danstan akamgeukia Jovitha.

"Wewe hukuwahi kupima maji ya kisima?"

Angeweza kukana. Lakini namba ilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake.

"Nilipima Ijumaa. Arobaini na tano."

"Na hukumwambia mwenzako?"

"Nilitaka ashindwe."

Danstan akasema Priscila ajiandae kwenda Ngara.

Priscila hakuwa akicheka tena. "Arobaini na tano?" aliuliza taratibu. "Jana mimi nilipata hamsini na mbili. Uliziacha majini muda gani?"

"Nusu saa."

"Mimi saa nzima. Zako zilikuwa hazijamaliza kuvimba."

Swali lake la muda lilikuwa sahihi, na Jovitha alimwonea wivu hata kwa hilo.