Mlango Mmoja Kikombeni

Orrin Thibodeau alikuwa amefanya kazi peke yake katika chumba kimoja cha maabara, mjini Waltham, kwa miaka ishirini na sita, na kosa halikuwa la mtu. Vipimo vyake havikutaka kelele. Hatua za mtu koridoni, hata kikohozi, zilitosha kuviharibu. Wenzake walijifunza kutokaribia chumba chake, na kwa vile watu wa maabara wakishajifunza jambo ndio basi tena, hata siku ambazo hakuwa akipima hawakuingia.

Tangu mkewe Gail afariki, Jumamosi na Jumapili zilipita bila Orrin kusikia hata sauti yake mwenyewe. Sasa profesa wao alikuwa anastaafu na maabara ingefungwa mwezi wa tano. Lenore Kozak, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Orrin na sasa ana maabara yake Chicago, alikuwa tayari kumchukua yeye na mitambo yake, kwa sharti moja: amwonyeshe kwamba protini yake mpya inapitisha kitu.

Protini hiyo asili yake ni bakteria wa udongoni. Vipande vinne vinavyofanana husimama kwa duara ndani ya utando wa bakteria, na katikati huacha njia nyembamba ya potasiamu. Potasiamu hutembea imejivika maji. Ikifika penye wembamba huyavua, kwa sababu oksijeni za kuta huishika sawasawa na maji yalivyoishika, basi haipungukiwi na kitu. Zinapita moja nyuma ya nyingine, mamilioni kwa sekunde. Sodiamu, ile ya chumvi ya mezani, ni ndogo mno, kuta haziwezi kuikumbatia, kwa hiyo haikubali kuvua na inabaki nje. Orrin alikuwa amebadilisha kiungo kimoja tu cha kuta hizo, akadai kwamba mlango wake mpya, kama walivyoiita njia hiyo, utapitisha zote mbili. Lenore alikuwa ameipiga eksirei protini hiyo ikiwa fuwele, akaona njia imefinyika. Kwake yeye, mlango ule ulikuwa umekufa.

Alifika Alhamisi asubuhi, na ndege yake ya kurudi ilikuwa saa kumi na moja jioni. Orrin alipaka mafuta kwenye kitundu kilichokuwa kati ya vikombe viwili vya maji ya potasiamu, yakawa utando mwembamba kupita kiasi. Akadondosha protini, wakangoja mlango mmoja ujipenyeze. Kwenye kompyuta, mstari wa kuonyesha umeme unaopita katika utando ulilala tu. Lenore alitulia kama alivyofundishwa na Orrin mwenyewe, hakukunja hata mguu. Utando ulipasuka mara nne. Wakala mkate na samaki wa kopo, Lenore akamsimulia vituko vya wanawe, na Orrin akacheka mpaka akajishangaa. Aliona ujinga kufurahi kiasi kile, lakini alifurahi.

Saa nane na nusu mstari uliruka. Ulipanda ngazi moja, ukakaa, ukashuka, ukapanda tena.

"Mzee, umenishinda," Lenore alinong'ona. "Picha zangu nikazitupe. Wewe funga mizigo."

Orrin aliikodolea macho ile ngazi. Urefu ule aliujua, ulikuwa wa protini ya kawaida, na jana yake, katika kikombe hikihiki, alikuwa amepima hiyo ya kawaida. Alikiosha, ndiyo, lakini alikiosha harakaharaka kwa sababu mgeni anakuja na alitaka kufagia chumba. Katika kazi yao, mlango mmoja ukisalia kikombeni unatosha kukudanganya.

Lenore alikuwa ameshavaa koti. Alimwambia huko Chicago kuna chumba chenye dirisha, ila vijana wa maabara yake wana makelele na wanaingia bila hodi, itabidi azoee. Orrin hakutamani kitu duniani kuliko makelele hayo.

"Kaa kidogo," alisema. "Nataka kutia sodiamu."

"Ya nini tena? Mimi nimesharidhika."

"Ya kwangu inapitisha sodiamu. Ya kawaida haipitishi. Kaa."

Akayatoa maji ya kikombe cha upande wa kuingilia, akatia ya sodiamu, taratibu, utando usipasuke. Mstari ukalala. Wakangoja dakika tano, wakangoja kumi, nao haukunyanyuka.

Ndipo akamweleza habari za jana, bila kumtazama usoni.

"Si ungenyamaza tu?" Lenore alisema. "Nisingejua, Orrin. Mwaka mzima nisingejua."

"Ningejua mimi. Na huyo ndiye ninayeishi naye."

Habari ya kufunga mizigo Lenore hakuitaja tena; alimkumbatia kwa muda mrefu, akaahidi kumpigia simu, na aliahidi kwa nia njema. Kisha teksi ikaja.

Orrin alirudi chumbani. Hakukuwa na la kupima, angeweza kuzima mitambo akaenda zake nyumbani. Badala yake aliitoa sodiamu, akarudisha potasiamu, na mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda. Akavuta kiti karibu, akakaa nao mpaka utando ulipopasuka.