Maneno Yaliyofika Mara Mbili

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa kushona hana mpinzani. Maneno matamu, Mungu alimnyima kabisa. Tangu tuoane, sifa kubwa niliyowahi kuipata kutoka kwake ni "chai ya leo ina sukari." Kwa hiyo binti yetu aliposema baba yake ndiye atakayeigiza kwenye filamu yake fupi, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Cheka tu, Mama," akasema. "Mwigizaji wangu amenikimbia, na kamera ya kuazima inarudi kwa mwenyewe leo jioni. Baba asipoisema sehemu hii ya mwisho, sina filamu."

Hapo nikaacha kucheka, maana macho yake yalikuwa mekundu.

Sehemu yenyewe haikuwa na makuu. Mzee anarudi nyumbani baada ya ugomvi, anasimama mbele ya kiti cha mkewe na kumwomba msamaha. Kiti kikawekwa katikati ya chumba cha kushonea, kamera ikasimamishwa kwenye miguu yake mitatu, taa ikawashwa. Kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo, kwa hiyo ili kuona tulijibana sote hapo nyuma: binti, rafiki yake wa kunasa sauti ambaye wenzake humwita Sikio, na mimi, ambaye hakuna aliyenialika.

"Haya, Baba. Anza."

Mume wangu akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

"Mke wangu," akajaribu tena, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Nikaangua kicheko. Akavua kofia kwa hasira.

"Mimi siwezi kuongea huku huyu mwanamke ananikodolea macho! Niacheni nirudi kwenye cherehani yangu."

Binti hakubishana. Akatoa kwenye begi kidude cheusi chenye antena mbili fupi, akakifunga juu ya kamera na kukiunganisha nayo kwa kijiwaya. Vile vinavyotumiwa na kampuni kubwa za matangazo, akaniambia, mtu kama yeye hathubutu hata kuuliza bei. Hiki chake kilikuwa cha bei poa, na kinarusha picha na sauti hewani mpaka kwenye tableti, bila waya kupita sakafuni.

"Kwa hiyo tunatoka wote," akasema. "Tutaangalia tukiwa jikoni. Baba, unabaki peke yako."

"Na huyu?" Akaninyooshea kidole.

"Huyu hasa."

Nikafukuzwa chumbani, kwenye nyumba yangu mwenyewe, kama kuku aliyeingia sebuleni.

Jikoni tukaiegemeza tableti kwenye kopo la unga. Picha ikaja safi, mpaka pini alizochomeka kwenye kola yake nikaziona. Ila bei poa nayo ina mambo yake: picha na sauti vilichelewa kidogo kufika. Jikoni na chumba cha kushonea vimetengwa na ukuta mwembamba, basi mzee akikohoa kule, tulimsikia kwanza ukutani, halafu tukamwona akikohoa tena kwenye tableti. Sikio akajiziba mdomo asicheke.

"Anza, Baba!" binti akapaza sauti.

Mume wangu akakitazama kiti kitupu. Akakisogelea, akakinyoosha kitambaa chake kwa kiganja, kama anavyofanya na nguo kabla ya kuikata. Halafu sauti yake ikapenya ukutani.

"Kigelegele."

Jina hilo halikuwa kwenye maandishi ya binti. Ndivyo alivyokuwa akiniita wakati ananichumbia, kwa ajili ya mdomo wangu huu, na sikuwa nimelisikia tangu mtoto wetu azaliwe.

"Kigelegele," ikasema tableti, na sasa nikaona midomo yake ikicheza.

Ukuta ulikuwa umeshaendelea. "Nyumba hii bila kelele zako siiwezi. Siyo kwamba maneno sina. Nikikutazama tu yananikimbia. Nisamehe, mke wangu. Nakupenda."

Nikashika ukingo wa meza. Kabla sijapumua yakaanza kufika tena, neno kwa neno, na safari hii yalikuja na uso wake. Miaka yote sikuyapata hata mara moja, leo nimeletewa mara mbili! Nililia huku nacheka, na sikujali nani ananiona.

"Tumepata!" binti akanong'ona, akirukaruka. "Mama, tumepata! Imeingia yote kwenye kamera, tena vizuri kuliko nilivyoandika."

Akageuka akamtoe baba yake chumbani. Nikamkamata mkono.

"Tableti imeganda," nikasema.

"Haijaganda, Mama. Si ile pale inaonyesha?"

"Imeganda. Mwambie arudie."

Binti akaitazama tableti, ambamo baba yake alikuwa anajifuta jasho vizuri tu. Akanitazama mimi. Kisha akapaza sauti hadi kopo la unga likatikisika:

"Baba! Kidude kimetusumbua kidogo. Rudia, anzia pale kwenye Kigelegele!"