Magazeti Yaliyofungia Sahani

Mama yangu huuza sahani za mitumba sokoni Techiman, na kila sahani hutoka Uingereza imefungwa kwa gazeti. Wenzake huyatupa. Sisi tuliyanyoosha tukayaweka, maana Alhamisi nilikuwa nasafiri kwenda huko huko kuuguza wazee, na bibi yangu, Nana Birago, alikataa kumwaga chini kinywaji cha kuniombea baraka kwa wahenga kabla hajaijua nchi ninayokwenda. Bila baraka yake siendi kokote. Viza haina ubavu huo.

"Anza na vifo," akasema Nana. "Nchi huijui mpaka uone inavyozika."

Kwetu marehemu hupewa ukurasa mzima: picha, watoto, wajukuu, hadi shemeji waliokosana naye. Huko nilikuta mistari mitatu, midogo kama maandishi ya chupa ya dawa.

"'Mazishi ni ya familia tu,'" nikamtafsiria. "'Tafadhali msilete maua.'"

"Wanafukuza watu msibani? Soma vizuri, wewe! Au shuleni ulikwenda kula?"

Nilisoma tena. Ilikuwa vilevile. Ukurasa wa pili, mbwa aliyepotea alikuwa na picha kubwa ya rangi. Mama alicheka hadi akaweka sahani chini, lakini mimi sikuona cha kuchekesha.

Chini ya mbwa palikuwa na habari ya Bwana Harold, miaka themanini na moja. Alikutwa amekufa kitini, nyumbani kwake, ukuta mmoja na jirani, televisheni ikiendelea kuongea. Alikuwa amekaa hapo miezi saba.

"Siku saba," akasema Nana.

"Miezi, Nana."

Mama aliacha kucheka. Hao ndio wazee niliokuwa nikienda kuwauguza!

Nana akachukua chupa na glasi. "Hao ni wao, wameumbwa hivyo. Wewe ni wetu. Mtu wetu hawezi kulala ukuta mmoja na maiti miezi saba asibishe hodi. Niapie hutakuwa kama wao."

"Naapa, Nana."

Akamimina kinywaji kwenye glasi. "Haya, malizia. Jirani anasemaje?"

"'Nilidhani amehama,'" nikasoma. "'Natoka kazini nimechoka, sikutaka kuingilia mambo yake.' Ameishi naye ukuta kwa ukuta miaka tisa. Ni muuguzi."

Jina lake lilifuata: Adwoa Pokuaa. Adwoa, jina letu la binti aliyezaliwa Jumatatu, wa kwetu kabisa, labda wa mtaa wa tatu kutoka hapa.

"Anaitwaje huyo asiye na haya?"

"Jina la Kizungu, Nana. Linanishinda kutamka."

Nana akasonya. Akamwaga kinywaji ardhini, akawaita wazee wetu waliotangulia, mmoja mmoja, washuhudie kwamba mjukuu wake hajawahi kumdanganya. Nikaitikia kila jina.