Mkuu wa Kaya Amekunja Uso

Mzee Maeng, mkubwa wa ukoo, alipanda ngazi akihema hadi ofisini kwa Wakili Noh, mwanamke pekee mwenye joho la uwakili Seoul nzima, kuja kumtia adabu.

"Eti unataka mjane awe mkuu wa kaya? Bila mwanamume, nyumba itaongozwa na nani?"

Wakili Noh alimwinamia kwa heshima, maana adabu hakupungukiwa. Alichopungukiwa ni subira. Akamwonyesha Bibi Pyo, mjane aliyeketi pale na mjukuu wa kiume mgongoni. Mume kafa, mwana kafa, basi kwa mujibu wa sheria mkuu wa kaya yake ni huyo mjukuu, ambaye hata meno hajaota.

"Mheshimiwa Mkuu," wakili akamwambia mtoto, "bibi yako ana shauri. Unaruhusu?"

Mheshimiwa akakunja uso, akajikaza, akaiva kama pilipili. Harufu ikajaa chumba kizima.

"Lo! Kajinyea!" Mzee Maeng akaziba pua. "Nyie wanawake mnatazama nini? Msafisheni!"

"Haya, Bibi Pyo," wakili akasema, "umesikia mwenyewe. Zamu yetu ya kuongoza nyumba imefika."