Kamba Kwenye Gololi ya Trela

Mdogo wangu Lyle ni mtu wa kununua tairi kwa macho. Jumanne ile alisimama mbele ya rafu zangu, mikono kiunoni, akachagua zenye kashata, yale meno ya tairi, kubwa kuliko zote, tairi za matope, kwa sababu tu zilikuwa zinatisha. Nimeuza tairi hapa Tarrabin miaka thelathini na moja, na kwenye ufuo wetu sijaona matope hata ya kujaza ndoo.

"Lyle, wewe unakwenda kwenye mchanga," nikamwambia. "Hizo zina ubavu mgumu. Hata ukizipunguza upepo hazilali, zinachimba tu. Chukua hizi za njia zote. Kashata ya wastani, ubavu laini."

"Hizo wanavaa walimu wastaafu."

"Kwani wewe ni nani?"

"Mimi nilikuwa mwalimu wa ufundi," akasema. "Mwalimu wa ufundi ni fundi, dada mkubwa. Usichanganye mambo."

Nerida, mkewe, alicheka. Alikuwa karibu na dirisha, amegeuza uso upande kama anavyofanya siku hizi akitaka kukuona. Macho yake yanaliwa kuanzia katikati. Kilichobaki kinaonea pembeni. Daktari wa Brisbane alimpa mwaka mmoja, pengine mmoja na nusu. Ndiyo maana waliuza nyumba, wakanunua gari na karavani, ili wifi yangu aizunguke nchi nzima kabla giza halijaingia. Alitaka jangwa jekundu. Alitaka kuyaona maua yanayoota kule baada ya mvua. Safari ilikuwa Jumatatu, na mtu aliyetaja Jumatatu mbele ya Nerida alimwona anaanza kutabasamu hata kabla ya kuelewa kilichosemwa.

"Na vifaa vya kujinasua?" nikauliza.

"Kamba ninayo. Mpya."

"Utaifunga wapi?"

Lyle akanitazama kama nimemuuliza jina lake. "Nyuma. Kwenye gololi."

Hapo ndipo hasira zangu zilipopanda. Gololi ni kile kichwa cha chuma cha mviringo kinachokaliwa na trela. Kazi yake ni kuvuta mzigo taratibu barabarani, basi. Kamba ya kunasulia ni jambo jingine. Inanyumbuka. Anayekuvuta anaondoka kwa kasi, kamba inajinyoosha mpaka mwisho, halafu inarudi na nguvu zote. Shingo ya gololi ikikatika, unakuwa na kilo mbili za chuma angani, na zinakwenda kule kamba inakovutwa, kwa yule aliyekuja kukusaidia. Zinapita kioo, zinapita kiti, zinapita mtu.

Nikamwekea juu ya kaunta kipande cha chuma chenye pingu yake, ile pete nene ya kufungia kamba. Unachomoa mkono wa trela, ule uliobeba gololi, unachomeka hiki mahali pake, na kamba inashika kwenye pingu. Dakika moja.

"Baba alitumia gololi maisha yake yote," Lyle akasema.

"Baba pia alivuta sigara akijaza petroli."

"Wewe ungekuwa unauza mkate, Cora, ungeniambia nisipopaka siagi nitakufa."

Akakataa. Nikamfungia zile tairi za matope, kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipokuwa nimeinama nyuma ya gari nikaona ametia kufuli kwenye pini ya mkono wa trela. Wezi, akasema. Sikusema kitu. Nilikuwa nimechoka kubishana naye, na hilo najilaumu mpaka leo.

Jumamosi, saa nane na robo mchana, redio ya mawasiliano ya dukani ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Nerida, chini chini.

"Wifi, tumenasa. Ufuo wa Corrigan, kupita miamba. Usimwambie nimekuita."

Huku kwetu kunasa si aibu. Unakaa, mpita njia anasimama, maana hakuna anayepita gari lililonasa, anakuvuta, unampelekea katoni ya bia, mambo yamekwisha. Lakini kuvutwa na dada yako mwenye duka la tairi, siku nne baada ya kumcheka dukani kwake, hiyo itasimuliwa klabuni mpaka siku unazikwa. Lyle angekaa pale mpaka samaki wamwamkie. Nikatazama ukutani karatasi ya saa za maji kujaa na kupwa. Ilikuwa bamvua. Maji yangejaa saa kumi na dakika ishirini, na bamvua ya Corrigan inafika mpaka kwenye majani.

Niliendesha kama mwendawazimu. Nilipofika saa tisa kasoro dakika kumi na tano, gari lilikuwa limekaa kwa tumbo, pua kuelekea baharini. Alitaka kugeuza chini kule, kwenye mchanga unaoonekana mgumu na si mgumu. Kijana mmoja alikuwa amesimama kusaidia, Anton, mwashi wa matofali kutoka Toowoomba, gari lake limeegeshwa juu nyuma ya la Lyle. Lyle alikuwa anachimba kwa sahani ya plastiki.

"Nani kakuita?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Pua yangu. Upepo wa tairi umeweka ngapi?"

Akazidi kuchimba.

"Lyle."

"Arobaini."

"Arobaini! Kwenye mchanga! Na ulifundisha watoto wa watu!"

Nikapiga magoti nikatoa upepo mpaka kumi na tano, tairi zote nne, nikisikia ule mluzi na nyuma yake mawimbi. Nikawapa koleo. Tukachimba, tukasukumia vibao vyangu vya plastiki chini ya magurudumu ya nyuma, Lyle akatia gia ya kurudi. Gari likapanda vibao, likarudi hatua mbili nzuri kabisa, na Nerida akapiga makofi. Kisha likashuka kwenye vibao na zile kashata zikafanya kazi ziliyoumbiwa. Zilichimba. Likazama kuliko mwanzo, na boriti ya nyuma, ambako kamba ingeweza kushika, ikafukiwa kabisa. Gololi na lile kufuli tu ndivyo vilivyobaki juu ya mchanga.

Wimbi la kwanza likagusa magurudumu ya mbele.

"Anton avute," nikasema. "Nina kipande cha pingu garini. Chomoa huo mkono. Ufunguo wa kufuli uko wapi?"

Lyle akajipapasa mifuko yote. Rangi ilimtoka. "Kwenye karavani."

Karavani ilikuwa kwenye uwanja wa kambi, dakika ishirini na tano kwenda na nyingine kurudi. Wimbi la pili lilifika kwenye bampa.

Nikakimbia garini kwangu kutafuta msumeno wa chuma. Nikamwaga sanduku zima mchangani. Nilipoupata na kugeuka, nilikuta wameshafanya uamuzi wao. Anton alikuwa ameingia garini kwake na injini inanguruma. Kamba ilikuwa imelala mchangani imejikunja, ncha moja kwa Anton, ncha nyingine imevikwa kwenye gololi. Na Nerida, kwa sababu upepo ulikuwa baridi na Lyle hakutaka alowe, alikuwa amekalishwa kiti cha nyuma cha gari la Anton, vioo vimefungwa, amejifunika blanketi. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kioo tu.

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nikasimama juu ya kamba.

"Toka!" Lyle alikuwa kwenye dirisha la gari lake. "Cora, toka, maji yanaingia mlangoni!"

"Nerida yuko mle ndani!"

"Umeona gololi ikikatika mara ngapi? Sema kweli!"

"Mara moja."

"Mara moja! Miaka thelathini na moja, mara moja!"

"Na mimi ndiye niliyemfunika yule mtu na turubai, Lyle. Mara moja inatosha."

Anton alikuwa ameshuka. Alikuwa anatazama ile gololi, halafu kioo chake cha nyuma, halafu gololi tena. "Bwana," akamwambia Lyle, "mimi nina mtoto wa miezi minne."

Lyle akatoka garini. Maji yalimfika magotini. Sijawahi kumwona mdogo wangu analia tangu tulipomzika mama, na sasa alilia bila kujificha. "Cora, sikiliza. Nyumba imeuzwa. Bima hawalipi gari lililozamishwa na bahari. Hatupati jingine. Hili gari ndilo macho yake, unaelewa? Ndilo macho yake!"

"Naelewa."

"Basi Nerida ashuke. Kijana akae pembeni. Nitalivuta mimi mwenyewe kwa gari lake."

"Na ikikatika?"

"Ikikatika imekatika!" Akashusha sauti. "Wewe utampeleka jangwani. Karavani ipo. Gari lako linavuta."

Alikuwa hatanii. Akanipita, akaanza kupanda mchanga kwenda kwenye gari la Anton, maji yanachuruzika kwenye suruali yake, na nikajua kwamba nikiitoa kamba kwenye gololi ataivika tena, na nikiitoa mara kumi ataivika mara kumi. Kisu cha kukatia raba kilikuwa kiunoni. Nikakaa chini palepale nikaikata kamba. Ilikuwa nene. Nilikata kwa kuvuta na kusukuma, na Lyle aliposikia akageuka, nilikuwa nimebakiza nyuzi chache.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Nipe yako," akasema. "Unayo garini. Nipe kamba yako."

"Sitoi."

"Cora."

"Sitoi, Lyle."

Nikaenda kwenye kufuli na msumeno. Nataka mtu ajue kwamba nilijaribu. Lilikuwa kufuli zuri, chuma kigumu, msumeno uliteleza juu yake na kuacha mikwaruzo tu. Nilikata maji yakiwa kwenye viganja, nikakata yakiwa kwenye viwiko, nikakata nikiwa sioni ninachokata. Wimbi likaniangusha. Nikarudi. Jingine likaniangusha na kunipigisha ubavu kwenye bampa, Anton akanishika ukosi akaniburuta juu kama gunia.

Tulilitazama likienda. Taa za mbele ziliwaka zenyewe chini ya maji, zikakaa zimewaka muda mrefu, halafu zikazimika. Nerida alikuwa ameshuka sasa, blanketi mabegani, uso ameugeuza upande ili alione. Saa kumi na dakika ishirini maji yaligusa majani, kama karatasi ilivyosema.

Wiki sita sasa. Wamepanga vyumba viwili nyuma ya duka la mikate. Lyle haniamkii. Ijumaa klabuni anasimulia jinsi dada yake alivyozamisha gari zima kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea, na watu wananitazama juu ya glasi zao, na siwezi kuwajibu, maana ni kweli, hakikutokea. Gololi ile bado iko kwenye gari lake lililooza kwa chumvi, imara, haina ufa. Nilikwenda kuitazama. Niliipapasa shingo yote kwa kidole nikitafuta mstari mmoja tu wa kunitetea, sikuupata. Nilimwambia Lyle kwa barua kwamba gari langu lipo, nitafunga duka, niwapeleke. Barua ilirudi haijafunguliwa.

Jana Nerida alikuja dukani peke yake. Alitembea akigusa ukuta kwa vidole, na mwezi uliopita alikuwa hagusi ukuta. Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Ingekatika?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo kwa wiki sita.

"Sijui, wifi. Pengine isingekatika."

"Kwa hiyo leo tungekuwa jangwani."

"Pengine."

Alipokea hilo akiwa amesimama. Nje mtu alikuwa anajaza upepo kwenye baiskeli.

"Kuna kitu Lyle hanielezi," akasema. "Mle garini vioo vilikuwa vimefungwa, sikusikia. Lakini nilimwona anapanda kuja upande wetu, pembeni ya jicho. Alikuwa anakuja kufanya nini?"

"Kukutoa mle. Alitaka aliendeshe gari la Anton mwenyewe, avute yeye. Alisema ikikatika nikupeleke mimi."

Aligeuza uso upande, polepole, akanitafuta mpaka akanipata. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Mlibishana wote watatu kuhusu macho yangu," akasema, "na hakuna aliyekuja kugonga kioo. Mngeniuliza, Cora. Ningewashusha wote nikaendesha mimi. Kwenda mbele kwenye ufuo mtupu hakuhitaji macho."

"Najua," nikamwambia. "Nilijua ukiulizwa utashika usukani wewe. Ndiyo maana niliikata kamba."