Bawa la Kobe

Gari lenyewe waliliita Kobe, kwa ule mgongo wake wa mviringo unaoteremka taratibu hadi nyuma, na alikuwa mkongwe kuliko ndoa nyingi za mtaani. Mwenye Kobe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama wa kicheko kikubwa. Kwa gari hilo alisambaza sare, akalea watoto, na mmoja wao nusura azaliwe kiti cha nyuma. Lakini juzi, akiwa na hasira za kituo cha mafuta, alitamka mbele ya mdogo wake: Kobe akiendelea kunywa namna hii mpaka mwisho wa wiki, anauzwa. Maneno yakishatoka hayarudi, na sasa roho ilikuwa inamuuma. Hakutaka Kobe auzwe hata kidogo.

Tena si kwamba hakujua mafuta yanakwenda wapi. Tangu mwaka jana Kobe alikuwa amebebeshwa bawa juu ya buti. Spoila, kama watu wa gereji wanavyoliita. Bawa hilo ni kazi ya mumewe, fundi bodi ambaye hata wakwe walimwita Nyundo. Mgongo ulipomgomea Nyundo alifunga gereji, akakaa kibarazani miezi mingi hasemi na mtu, chai inapoa mbele yake. Siku moja akaona picha ya gari la mbio, akasimama kama mtu aliyeitwa. "Yote yana bawa! Ndilo linalokata upepo!" Akakata bati, akakunja, akachomelea, akalifunga kwa nati. Majirani wakasifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: akalipandisha juu zaidi, akaliongezea na mbavu za pembeni. Tokea hapo Kobe akichanganya mwendo anavuma kama mbu sikioni, na mshale wa mafuta unashuka. Sasa utamwambiaje mtu kama huyo? Mkewe akanyamaza, akawa anajaza tangi.

Aliyeleta balaa ni yule mdogo wa mshonaji, mwenye gari jipya lisilo na kona wala pembe, walilolipachika jina la Sabuni. Alikuja na hadithi kwamba watengenezaji hubandika nyuzi mwili mzima wa gari, kisha hulipulizia upepo. Uzi ukilala, upepo unapita kwa amani. Uzi ukirukaruka, basi hapo upepo unavutana na gari, na anayelipia ugomvi ni tangi.

"Nyuzi tu?" Nyundo akapiga paja. "Shemeji, hapa ndipo zilipozaliwa!"

Wakapanga. Mshonaji ataendesha Kobe barabara kuu, na Nyundo na shemeji yake watamfuata kwa Sabuni, watazame.

Jumamosi asubuhi mshonaji akabandika vipande vya uzi mwekundu kwa selotepu: boneti, milango, paa, mgongo wote. Alipofika kwenye bawa akatia selotepu mfukoni.

"Mbona hapa umeruka?" Kumbe Nyundo alikuwa nyuma yake.

"Uzi umeisha."

"Uzi umeisha! Kwako wewe!" Nyundo akacheka mpaka akashika kiuno. Akaingia chumba cha cherehani, akatoka na kibiringo kizima cha uzi, akalipamba bawa lake mwenyewe kwa madaha, kama anampamba bibi harusi. "Haya, mama watoto, twende tukawaonyeshe vijana kazi."

Jamani, safari ile! Mbele, nyuzi za boneti zilikuwa zimelala kama nywele zilizochanwa. Kwenye kioo cha nyuma, nyuzi za bawa zilikuwa zinacheza ngoma yao peke yao, nyingine zimegeuka zinaelekea mbele. Na nyuma ya hizo kulikuwa na kichwa cha Nyundo, kimetokeza dirishani mwa Sabuni. Mshonaji akapunguza mwendo, labda zitatulia, labda hajaona. Sabuni ikapiga honi. Nyundo akapunga mkono: kanyaga, mwanamke, kanyaga! Akakanyaga. Kichwa kikarudi ndani polepole.

Sabuni ikawasha taa, wote wakaegesha pembeni. Nyundo akamzunguka Kobe.

"Mbele zimelala," akasema. "Mgongoni zimelala. Kwenye bawa langu, vurugu tupu."

"Shemeji," yule kijana akasema kwa upole, "bawa la mbio kazi yake ni kulikandamiza gari lisiteleze kwenye kona. Upepo halikati, linaubeba. Na sisi tunapeleka sare tu."

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Nyundo akafungua buti, akatoa spana, akaanza kulegeza nati. Hakuinua uso. "Mama watoto, ulijua?"

"Nilishuku."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile uliyolifunga."

"Mwaka mzima unajaza mafuta, umenyamaza?"

"Ulikuwa unapiga mluzi," mkewe akasema. "Ukilichomelea. Nilikusikia nikiwa jikoni, nikalia. Mume wangu, ningejaza hata miaka kumi."

Nyundo akabaki na nati mkononi. Shemeji yake akagundua ghafla kwamba tairi za Sabuni zinahitaji kukaguliwa.

Bawa likapakiwa kiti cha nyuma cha Sabuni, na Nyundo akaingia kwa Kobe, pembeni ya mkewe. Wakarudi kwa mwendo ule ule. Mbu hakuvuma. Nyumba zikaanza kuonekana na mshale wa mafuta umetulia, wala hautaki makuu.

"Kobe hauzwi," mshonaji akasema, machozi na kicheko vikimjia pamoja.

"Nani alisema anauzwa?" Nyundo akatazama barabara. "Ila siku nyingine nikikosea, niambie siku hiyo hiyo."

"Na ukirudi kukaa kimya?"

"Aa, bati likikunjwa vibaya si linanyooshwa? Hiyo ndiyo kazi niliyowalishia wewe na watoto." Akagonga mlango kwa kidole, akasikiliza. "Hapa pana ufa, upepo unaingia. Kesho nipishe mapema, nina kazi."