Tofali Lisilo na Chokaa

Protas alipewa siku moja ya majaribio: apige plasta ukuta mzima kabla ya saa kumi, la sivyo kesho arudi soko la Warwick mjini kubeba mizigo ya watu. Kwa fundi aliyejenga nyumba kumi na moja Mwanza, hayo yalikuwa matusi, lakini mkono mtupu haulambwi.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya Durban, kilimani, katikati ya miwa. Ukumbi wa kulia chakula ulikaa katikati, bweni refu likitoka kila upande, madirisha yamewekwa juu mno ili mtu asione nje. Njiani Léonidas, msimamizi wake Mkongomani, alimweleza kwamba wilaya iliijenga zamani kuwaweka maskini wasio na ndugu, na maskini wenyewe ndio waliofyatua matofali na kujenga. Wanaume walilala mashariki, wanawake magharibi. Hata mke na mume walitenganishwa mlangoni, na uani ukajengwa ukuta wasionane. Mnyonge hana haki.

Ukuta huo ndio aliopaswa kuupiga plasta. Adhuhuri, alipokuwa akiufuta vumbi, tofali moja likacheza. Akalivuta, likatoka zima kama droo ya kabati, na mwanga wa upande wa pili ukampiga usoni. Chokaa haikuwahi kuligusa. Matofali yote ya jirani yalijazwa kwa ustadi. Hili fundi aliliacha kavu makusudi, usawa wa kifua. Kingo za tundu zilikuwa zimelainika kwa mikono ya watu.

Fundi yule, naye maskini, alijenga ukuta aliolazimishwa, kisha akawaachia wenzake mlango wa mkono mmoja. Miaka yote ile hakuna mkubwa aliyegundua. Alitamani amjue jina, ampe shikamoo.

Saa tisa na nusu Léonidas akaja, akakuta mwiko uko chini.

“Hapa sizibi, bosi. Kama ni kunifukuza, nifukuze.”

Léonidas akasema karatasi ya kazi inataka ukuta mzima, na mwenye nyumba hana habari na mambo ya kale. Protas alimwomba aingize mkono tunduni tu, kisha akazunguka upande wa wanawake.

Vidole vya msimamizi vilikuwa vimetokeza. Protas akavishika. Alidhani vitavutwa kwa hasira; vikamkaza, vikakaa hivyo muda mrefu, na nyuma ya ukuta mtu mzima akasikika akivuta kamasi.

“Eish,” Léonidas akasema hatimaye. “Piga plasta kando-kando. Hii tundu iko ya watu.”